Siku Shangazi Alipojidai

Daftari la madeni la Shangazi lilikuwa limevimba kama andazi. Nusu ya mtaa wetu wa Mbagala imo humo: unga, sukari, vocha. Nami ndiyo kwanza nimejifunza Python, lugha ya kuandikia kodi za kompyuta, mikono inaniwasha.

"Shangazi, nipe hilo daftari nikuandikie kodi."

"Kodi? Ya fremu yenyewe ya mwezi uliopita sijalipa!"

Nikalichukua hivyo hivyo. Kwa NetworkX, maktaba ya Python ya kuchorea mitandao, nikachora grafu: kila mtu nukta, kila deni mshale unaotoka kwa mdaiwa kwenda kwa mdai. Mama ntilie kwenda kwa Shangazi, 18,000 za mchele. Shangazi kwenda kwa muuza jumla, 85,000. Muuza jumla naye kwenda kwa mama ntilie, 20,000 za wali maharage. (Mtu ana stoo nzima ya mchele, anakula wali wa mkopo!)

Programu ilitakiwa ianzie kwa Shangazi, iwatumie wadaiwa wake SMS, kisha iwafuate na wanaodaiwa na hao wadaiwa, maana mdaiwa naye hulipa akilipwa. Wadaiwa wako kwenye mkia wa mshale, kwa hiyo unaita `predecessors`, yaani walio nyuma ya mshale. Mimi nikaandika `successors`, yaani walio mbele yake, ndilo lililokuwa kwenye mfano nilionakili. Nikanunua kifurushi cha SMS 100 kwa hela ya Shangazi, nikabonyeza, nikaenda kunywa chai.

Mshale wa kwanza ukampata muuza jumla, yaani mtu anayetudai. Kutoka kwake ukaenda kwa mama ntilie, kwa mama ntilie ukarudi kwa Shangazi, na safari ikaanza upya, kwa sababu sikuiambia programu ikumbuke ilikokwisha kupita. Python huikatiza kazi (kipande cha programu) inayojiita yenyewe, kama yangu, ikikaribia mara 1000, lakini kifurushi kiliwahi kuisha. Muuza jumla SMS 34, mama ntilie 33, Shangazi 33. Mwenye fremu hakupata hata moja! Alikuwa wa pili kwenye orodha ya wanaomdai Shangazi, na programu haikutoka kwenye lile duara. Mungu mkubwa.

"Wewe mtoto!" Shangazi kashika simu kwa mikono miwili. "'Unadaiwa dukani kwa Shangazi, lipa leo.' Mimi najidai?"

Sijajibu, pikipiki ya muuza jumla ikafunga breki mlangoni. Nyuma yake mama ntilie, mwiko mkononi.

"Mnanidai mimi? Nilipeni 85,000 zangu!"

"Na wewe nilipe wali wangu," mama ntilie akadakia.

"Nitakulipa Shangazi akinilipa."

"Nami nitamlipa," Shangazi akasema, "huyu mwenye mwiko akinilipa..."

Wote watatu wakanyamaza, wakatazamana. Shangazi akavuta kalamu, akakata 18,000 kwa kila mmoja. Mama ntilie akawa huru, muuza jumla akabaki na 2,000 za wali, sisi 67,000. Hata dakika mbili hazikuisha.

Kisha akafungua ukurasa mpya, akaandika jina langu: kifurushi, chai, maandazi mawili. Mwelekeo wa mshale huo sikuuliza.