Damu ya mtoto asiyeweza kutoa kohozi

Msimu wa kupulizia mikorosho ulikuwa umepamba moto. Nilikaa kwenye benchi la zahanati moja wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara, pembeni ya bibi aliyemleta mjukuu wake wa miaka minne. Mtoto alikuwa anakohoa wiki ya tatu sasa, na nyumbani walishaamua ni vumbi la salfa. Muuguzi akampa kikopo. "Bibi, mwambie avute pumzi, akohoe kutoka kifuani." Mtoto akatema mate. Akajaribu tena, mate. "Mwanangu, huyu hajui kukohoa hivyo," bibi akasema, akakifunika kikopo kwa kiganja, aibu ikiwa yake.

Tangu siku ile nafuatilia kwa karibu mjadala wa kipimo kinachotafuta kifua kikuu kwenye damu bila kumtafuta bakteria mwenyewe. Kinachosomwa ni namna seli za kinga zinavyowasha na kuzima jeni zao, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya kila seli.

Karibu kila seli ya mwili ina jeni zile zile. Seli ya ini na seli ya kinga zinatofautiana kwa jeni zilizowashwa. Bakteria wa TB, aliyetangazwa na Robert Koch mwaka 1882, akivutwa na hewa humezwa na makrofaji, walinzi wa mapafu. Mara nyingi hafi humo. Makrofaji huwasha jeni kwa mamia, nyingi zikifuata amri ya interferoni, protini ambazo seli hutoa kuamsha kinga. Na interferoni haziko za namna moja. Interferoni gama, inayotoka kwa seli T, ambazo ni seli nyingine za kinga, humwongezea makrofaji nguvu ya kuua. Ile ya aina ya kwanza ikizidi humlegeza, bakteria akapata nafasi. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwa wagonjwa wa London na Afrika Kusini kwamba alama ya interferoni inasomeka kwenye damu. Baadaye wengine waliipunguza ikabaki jeni tatu, GBP5, DUSP3 na KLF2, ambazo mashine inaweza kuzipima kwa damu ya ncha ya kidole.

Wanaokitetea kipimo hiki wana hoja nzito, na hoja hiyo ni yule mtoto. Watoto hawatoi kohozi, na hata wakitoa, bakteria ni wachache. Mwaka 2014 watafiti waliofanya kazi Afrika Kusini, Malawi na Kenya walipata jeni 51 zinazosaidia kutofautisha watoto wenye TB na wenye maradhi mengine. Mzee dhaifu na mgonjwa wa UKIMWI mwenye kikohozi kikavu nao wamo kwenye hesabu hii.

Wanaosita nao hawabahatishi. Virusi vya mafua huwasha interferoni. Malaria huiwasha pia, na Mtwara na Lindi ni kati ya mikoa inayosumbuliwa sana na malaria nchini. Damu inaweza kutuambia kuna vita mwilini, tukadhani tumemjua adui. Wanaongeza kuwa WHO imeshapendekeza kinyesi cha mtoto kipimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wa TB, ambayo hospitali zetu zinaifahamu. Kwa nini fedha isiende kwanza kwenye kusafirisha sampuli kutoka vijiji vya Liwale? Hapo sina la kuwapinga.

Ninapoachana na watetezi kabisa ni pale wanapotaka damu itabiri nani ataugua kesho. Mwaka 2016 jeni 16 ziliwabaini takribani theluthi mbili ya vijana wa Afrika Kusini waliokuja kuugua ndani ya mwaka mmoja. Watu walifurahi, na mimi pia. Kisha likaja jaribio la dawa, matokeo yake yakitoka 2021: watu ambao jeni zao 11 zilionyesha hatari walipewa dawa kinga ya kila wiki kwa miezi mitatu. Kipimo kilionyesha kweli nani yuko karibu na ugonjwa, lakini dawa haikupunguza waliougua. Kumpa mkulima wa Newala habari ya hatari halafu dawa isimkinge ni kumtwisha hofu tu.

Kwa hiyo nakitaka kipimo hiki kiwe mlango wa kwanza kwa wasioweza kutoa kohozi. Damu ikionyesha dalili, mtoto atafutiwe uthibitisho kwa kinyesi, picha ya kifua na macho ya daktari; ikiwa safi, aangaliwe ugonjwa mwingine, huku anayeishi na mgonjwa wa TB akiendelea kufuatiliwa. Hilo la pili si dogo: miezi minne hadi sita ya vidonge kwa mtoto asiye na TB ni mzigo, na ugonjwa wake halisi unabaki bila tiba.

Ila kijaribiwe hapa, kisiletwe na alama za ufaulu za kwingine. Na jaribio lisifanyike kiangazi, barabara zikipitika na mbu wakiwa wachache. Lianze kwenye mvua, kati ya Desemba na Aprili, wodi ya watoto ikijaa homa, na kila damu inayosomwa jeni ipimwe malaria papo hapo.