Nia njema haitoshi kwenye kifungu cha usahihi

Karibu kila mkataba una sentensi ya aina hii: "Nathibitisha kwamba maelezo yote niliyotoa ni ya kweli, sahihi na kamili." Utaikuta kwenye fomu ya bima, ya mkopo, ya ajira, ya kupanga nyumba, hata ya kufungua akaunti mtandaoni. Wengi huipita mbio kwa sababu wanajijua si waongo. Mtu hujiambia: sijadanganya, nina nini cha kuogopa? Mimi naona hapo ndipo hatari ilipo. Sentensi ile haiulizi kama wewe ni mkweli. Inakutaka uahidi kwamba hukukosea popote, na ukikosea, hasara iwe juu yako.

Kwa kawaida sheria humtofautisha aliyedanganya makusudi na aliyeteleza. Ukishaahidi usahihi ndani ya mkataba, mara nyingi tofauti hiyo haikusaidii tena. Upande wa pili hauna haja ya kuthibitisha nia yako. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba ulichoandika hakilingani na hali halisi, basi.

Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1922, Dawsons dhidi ya Bonnin, ambayo ningependa kila mtu anayejaza fomu aijue. Kampuni moja ya Glasgow ilikatia bima lori lake. Fomu iliuliza lori hulala wapi. Ikaandikwa anwani ya mahali kampuni ilipofanyia biashara, ilhali lori lilikuwa likilala gereji nyingine pembezoni mwa mji. Fomu yenyewe ilijazwa na wakala wa bima, na kampuni ikatia saini. Baadaye lori likateketea kwa moto. Hakuna aliyesema walidanganya, na mahakama ilikubali kwamba kosa lile la anwani halikuwa na uzito wa kubadili hatari ambayo kampuni ya bima iliibeba. Hata hivyo walikosa fidia. Mkataba ulikuwa umesema majibu ya fomu ndiyo msingi wake, na jibu moja halikuwa sahihi.

Waingereza wenyewe walikuja kuona kwamba huo ni uonevu. Waliviondoa vifungu vya namna hiyo kwenye bima, kwanza kwa wateja wa kawaida kwa sheria ya mwaka 2012, kisha kwa wafanyabiashara kwa sheria ya mwaka 2015. Ilipita karibu karne nzima. Na hiyo ni bima, katika nchi moja. Kwenye mikataba mingine usidhani kuna sheria inayokusubiri ikuokoe. Kinachokulinda au kukuumiza ni maneno yaliyomo kwenye karatasi iliyo mbele yako.

Ukitaka kuona uzito wa maneno hayo, tazama kesi mbili za magari, za Uingereza pia. Mwaka 1957 Mahakama ya Rufani ilisikiliza kesi ya Bwana Williams, aliyempa muuza magari gari lake aina ya Morris kama sehemu ya malipo ya gari jipya. Alisema ni la mwaka 1948, kama kadi ya gari ilivyoonyesha. Kumbe lilikuwa la 1939. Muuza magari alilihesabu kwa pauni 290 wakati angelijua ukweli asingezidi 175. Mahakama ilimwachilia Williams: alikuwa mtu wa kawaida aliyeamini kadi, na hakuwa amejifunga kubeba dhamana ya mwaka wa gari. Mwaka 1965 mambo yaligeuka. Safari hii muuza magari ndiye aliyesema gari aina ya Bentley limetembea maili 20,000 tu tangu liwekewe injini mpya, kumbe zilikuwa karibu 100,000. Huyo alibanwa, kwa sababu kazi ya magari ni yake na alikuwa na njia ya kuujua ukweli.

Zisome pamoja uone mahakama ilivyotazama: ilitaka kujua nani kati ya hao wawili alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kujua. Hilo ni swali la haki. Kifungu cha usahihi kinaliondoa mezani. Laiti Williams angetia saini karatasi inayosema "nadhamini kwamba gari hili ni la mwaka 1948", naamini angelipa, na kadi yake ya gari isingemfaa kitu.

Neno "kamili" ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kuliko "kweli" na "sahihi". Ukiahidi ukamilifu, hata ulichonyamazia kinaweza kuhesabiwa kuwa kosa. Chukua fomu ya mkopo inayouliza: "Una deni lingine lolote?" Huna mkopo wowote, unaandika hakuna. Lakini ulimdhamini rafiki alipokopa. Hela hukuichukua wewe, ila rafiki akishindwa kulipa utadaiwa wewe. Hilo ni deni au si deni? Mkataba makini utaeleza mahali fulani, pengine kurasa nyingi mbele kwenye fasili ya maneno, kwamba "deni" ni pamoja na dhamana uliyomwekea mtu mwingine. Usiposoma fasili umejibu swali ambalo hujalielewa, kisha ukaapa kwamba umelijibu kikamilifu.

Halafu kuna wakati. Ahadi yako ni ya siku unayotia saini, au inaendelea? Mikataba mingi ya mikopo mikubwa husema maelezo yako yanahesabika kuwa umeyarudia kila unapochukua fungu jipya la fedha. Hata bila kifungu cha namna hiyo, ukimya unaweza kukuponza. Mwaka 1936 iliamuliwa kesi ya daktari wa Uingereza aliyekuwa akiuza zahanati yake. Januari 1934 alisema inaingiza pauni 2,000 kwa mwaka, na ilikuwa kweli. Kisha akaugua, wagonjwa wakapungua, na kufikia Mei, siku ya kutiliana saini, mapato yalikuwa yameshuka hadi pauni 5 hivi kwa wiki. Hakusema. Mahakama iliutengua mkataba, ingawa aliyoyatamka mwanzoni yalikuwa sahihi siku alipoyatamka.

Uamuzi huo naukubali kabisa. Aliyenunua alistahili kuambiwa. Nisichokikubali ni mizani iliyoinama. Soma masharti ya huduma nyingi za mtandaoni. Wewe unaahidi kwamba taarifa zako ni sahihi na kwamba utazihuisha wakati wote, la sivyo akaunti itafungwa. Shuka aya chache, wao wanasema huduma na taarifa zao zinatolewa "kama zilivyo", bila dhamana yoyote ya usahihi. Aliye na wanasheria na kumbukumbu zote hajifungi, na asiye na wakili ndiye anayefungwa. Mwenzangu, hilo likikukera, una haki.

Kwenye mkataba wa kubofya huna wa kumwambia abadilishe. Ila pale ulipo na mtu wa kuzungumza naye, sema. Omba yaongezwe maneno "kwa kadiri ninavyofahamu" kwenye mambo ambayo huwezi kuyajua yote, kama vile hali ya nyaya zilizo ndani ya ukuta wa nyumba unayouza. Upande wa pili pengine utataka uongeze "baada ya kuuliza ipasavyo", na hilo ni la haki. Omba makosa madogo yasiyobadili chochote yasihesabiwe kuvunja mkataba, na upewe siku kadhaa za kusahihisha kabla hujachukuliwa hatua. Kama kuna jambo unalijua lina kasoro, liandike kwenye kiambatisho na litajwe ndani ya mkataba. Wengine huficha wakiogopa kuharibu biashara, lakini kasoro iliyoandikwa ni ngumu mno kuigeuza kuwa kesi dhidi yako.

Nawe ukiwa umeshawishika kwa jambo uliloambiwa kwa mdomo, lidai kwa maandishi vilevile. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema makubaliano yote ni haya yaliyoandikwa hapa, na maneno matamu ya muuzaji yanaweza kuishia hapo.

Mtu mwingine akikujazia fomu, awe wakala au ofisa wa mkopo, mwombe akusomee kila jibu kabla ya saini, hata kama foleni nyuma yako inaguna. Kisha omba nakala ya fomu yenyewe pamoja na ya mkataba. Ugomvi ukija utahusu ulijibu nini siku ile, na nakala pekee isiwe ile iliyobaki kwenye kabati lao.