Katuni peke yake haimtulizi mtoto

Mwandishi wa makala niliyoisoma kuhusu katuni na hasira za watoto anadai kuwa mtoto mdogo akimwona Daniel Tiger, yule chui milia wa katuni ya Marekani, akivuta pumzi na kuhesabu hadi nne anapokasirika, basi naye atajua kutuliza hasira zake. Nakubali nusu. Nalea mjukuu wa miaka mitatu hapa Ujiji, na kuhesabu anahesabu vizuri tu, tena kwa mbwembwe. Lakini juzi kaka yake alipomnyang'anya kipande cha samaki wa mgebuka, aligaragara chini, miguu juu, hakuna cha moja wala mbili. Kilichomtuliza ni mama yake kuchuchumaa mbele yake: "Umekasirika, eeh? Haya, tuvute pumzi wote." Akavuta, mashavu yamejaa, machozi bado yanatiririka. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Texas Tech wa mwaka 2016 kuhusu katuni hiyohiyo ulionyesha kuwa walionufaika ni watoto ambao wazazi wao huzungumza nao mara kwa mara kuhusu wanachotazama. Hilo makala imelipitia juujuu, na ndilo lenye uzito, maana wengi wetu tunawasha TV ili tupate nafasi ya kupika (simlaumu mtu, hata mimi nafanya). Halafu Shirika la Afya Duniani linashauri muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja kwa siku kwa watoto wa miaka 2 hadi 4. Sasa saa hiyo ikiisha ndipo kilio chenyewe kinaanza! Wenzangu, nyie TV mnaizimaje?