The King's Avatar: klabu wameipatia, mechi wameikosea

Kipindi cha kwanza cha The King's Avatar, katuni ya Kichina iliyoanza kuonyeshwa Aprili 2017, kinafunguka kwa kufukuzana kazi. Ye Xiu, nahodha wa klabu ya Excellent Era na bingwa mara tatu mfululizo wa gemu iitwayo Glory, anaambiwa nafasi yake sasa ni ya kijana Sun Xiang. Anatakiwa pia kukabidhi kadi ya akaunti, yaani mhusika wake ndani ya gemu, aliyoilea kwa miaka. Anaikabidhi, anatoka nje kwenye theluji, na usiku huohuo anapata kibarua cha zamu ya usiku katika intaneti kafe ya jirani. Ana miaka 25.

Mashabiki huisifu katuni hii kwa uhalisia. Wana haki, ila kwa sababu ambayo wengi wao hawaitaji. Wao husifu mapambano, na mapambano ndiyo sehemu dhaifu. Penye uhalisia ni ofisini.

Tazama mgogoro wenyewe. Ye Xiu hapigi picha za matangazo, hakai mbele ya waandishi, hataki sura yake ijulikane. Hadithi inamtukuza kwa hilo na kuwafanya mabosi wake kuwa walafi. Lakini klabu ya gemu haina uwanja wa kujaza mashabiki elfu hamsini kila wiki. Sehemu kubwa ya mishahara hutoka kwa wadhamini, na mdhamini hununua uso wa nyota. Nahodha asiye na uso ni hasara, hata akibeba makombe. Meneja anayetaka kumwondoa ana hesabu zake, na katuni ingekuwa nzito zaidi kama ingempa nafasi ya kuzieleza.

Namna wanavyomwondoa ndiyo fedheha, na hapo mwandishi anajua anachokisema. Anapewa njia mbili: abaki kama mtu wa kufanyiwa mazoezi na wenzake, au mkataba uvunjwe kwa sharti la kustaafu, na hapo hawezi kurudi kwenye ligi kabla ya mwaka kupita. Katika ligi za kweli pia mchezaji mwenye mkataba huweza kukalishwa benchi, asicheze wala asiende kwingine, hadi klabu nyingine itoe fedha ya kumnunua. Kwa kazi ambayo kilele chake ni kifupi, mwaka mmoja ni adhabu kubwa.

Sasa njoo kwenye mechi. Uzito wote wa hadithi unategemea vitu viwili: akaunti inayorithiwa pamoja na zana zake, na mwavuli wa Ye Xiu unaogeuka mkuki, bunduki, ngao au upanga. Mwavuli huo ni wa pekee, uliundwa na rafiki yake marehemu, na unamwezesha kutumia mbinu za ngazi ya chini za fani zote, yaani aina zote za wapiganaji wa Glory. Inapendeza kuutazama. Katika ligi yoyote makini usingeingia ukumbini.

Mashindano ya gemu husimama juu ya kanuni moja: kila mtu aanze sawa. Katika Counter-Strike kila mchezaji huanza raundi ya kwanza na dola 800 za ndani ya gemu. Katika League of Legends kila mmoja huanza na dhahabu 500, na mashindano makubwa huchezwa kwenye seva maalumu yenye akaunti zilizofunguliwa wahusika wote. Kumnyang'anya nyota akaunti yake hapo hakumpunguzii kitu. Asubuhi yake anapewa nyingine iliyo sawa kabisa. Na silaha anayoimiliki mtu mmoja tu ingefungiwa kabla ya mechi ya pili.

Utetezi upo. Riwaya iliyozaa katuni hii ilichapishwa mtandaoni kati ya 2011 na 2014, na inahusu gemu ya kuishi ndani ya dunia pana, siyo ya mechi za nusu saa. Vyama vya wachezaji vinavyogombania mabosi, yaani majitu makubwa ya gemu, Ye Xiu akivitoza malighafi ili avisaidie kuvunja rekodi: hayo yana ukweli wake. Hadi leo vyama vya gemu ya World of Warcraft hushindana nani ataangusha bosi mpya wa mwisho kwanza, na huko kukusanya zana ni nusu ya kazi. Kosa la hadithi ni kuuchukua uchumi huo na kuuingiza kwenye ligi.

Kuhusu vidole, nilitarajia porojo, na kumbe kuna busara. APM, yaani idadi ya vitendo kwa dakika, inatajwa kila mara. Tang Rou, mpiga piano, anaingia kwenye gemu akiwa na kasi ya kutisha. APM 300 ni vitendo vitano kila sekunde, lakini sehemu ya hivyo huwa ni kubofya kulekule kulikokwisha kubofywa. Tang Rou anapigwa mara kwa mara na Ye Xiu, naye Yu Wenzhou, nahodha mwenye mikono mizito, anaongoza timu kubwa kwa akili.

Umri nao haukubali jibu rahisi. Utafiti wa 2014 kwa wachezaji 3,305 wa gemu ya StarCraft II uliona wepesi wa kuitikia unaanza kushuka kwenye miaka 24, huku wakubwa wakifidia kwa mbinu nyepesi zaidi. Kwa upande mwingine, Faker wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa dunia wa League of Legends mwaka 2023 na 2024, wa pili akiwa na miaka 28. Hata hivyo, hazina ya miaka kumi aliyonayo Ye Xiu ingepungua thamani katika gemu inayorekebishwa karibu kila wiki mbili.

Kinachokosekana kabisa ni maumivu. Ye Xiu anavuta sigara, analala stoo, anacheza hadi alfajiri, na mkono hauumi. Mchina mwenzake wa kweli, Uzi, mchezaji wa League of Legends, alitangaza kustaafu Juni 2020 akiwa na miaka 23, akitaja kisukari na majeraha ya mkono. Kiti kilicho chini mno hukunja kifundo cha mkono kuelekea juu, kano husuguana saa kumi kwa siku, na mwishowe kasi iliyomlisha mtu ndiyo inayomlemaza.

Isitoshe, Ye Xiu alitoroka kwao akiwa bado mdogo ili acheze, jambo ambalo leo lingekuwa gumu. Tangu Septemba 2021 gemu za mtandaoni nchini China huruhusiwa kwa walio chini ya miaka 18 saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu.