Ua la Kitulo liacheni pale pale

Jamani hili limeniuma, siwezi kulinyamazia. Mwezi wa pili tulipanda Kitulo, ile hifadhi ya maua kule Nyanda za Juu Kusini, watu tisa, kutoka Chimala tukala zile kona 57 mpaka Matamba huku bonde lote la Usangu limelala chini yetu, tukafika uwandani ukungu ndo unaachia, maua mpaka macho yanachoka, njano, meupe, zambarau, ukiona unaelewa kwanini watu wanapaita Bustani ya Mungu. Haijapita hata nusu saa dada mmoja katoka njiani, kachuma okidi mkono mzima, kapigwa picha tatu. Jioni nimezikuta chini ya siti, zimenyauka.

Nikamuuliza, akasema kaka si yataota tena, ni maua tu.

Hapana dada yangu. Okidi za pale uwandani zinaishi kwenye kiazi chini ya udongo, kiangazi juu kunakauka kabisa, mvua zikirudi ndo kile kiazi kinatumia akiba yake kutoa ua, na mbegu zake ni laini kama vumbi, haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu fulani kwenye udongo. Yaani ukichuma ua umebeba na mbegu za mwaka mzima. Aina 45 za okidi ziko pale, na miaka ya nyuma viazi vyake vilichimbwa kwa magunia vikavushwa Zambia kupikwa chikanda, chakula chao cha viazi vya okidi, hiyo ni moja ya sababu pakafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Tukamwambia mama wa Makete, wilaya ya pale pale, aache kuvichimba, na yeye alikuwa anatafuta ada ya mtoto. Sisi tunachuma kwa ajili ya picha, tutamwangaliaje usoni?

Wanaosema hakuna simba kwahiyo hakuna cha kuona, nendeni Ruaha, ni jirani tu.

Sawa, nakubali msimu wa maua ndo huo huo wa mvua, tope lipo, na baridi ya mita 2,600 sio mchezo. Ila ukienda mwezi wa nane ukakuta nyasi kavu usilaumu mtu.

Kesho yake muongozaji alisimama ghafla, akachuchumaa pembeni ya njia, akatuonyesha okidi moja ya kijani, ndogo kuliko kidole, wote tulikuwa tumeshaipita. Tukapiga magoti kwenye tope kuiangalia, yule dada naye, mikono kaiweka mgongoni.