Tuache kumpigia Yanga mahesabu

Wanasimba wenzangu, hii tabia inanichosha. Jana kijiweni kahawa imepoa vikombeni, watu wazima wameinamia kipande cha boksi, kalamu mkononi: Yanga akitoa sare hapa, akafungwa kule, robo fainali haendi. Nikauliza, na sisi tuna pointi ngapi? Kimya. Hakuna aliyeandika.

Jamani, huyo tunayemwombea mabaya kabeba ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, 2022 hadi 2025! Mwaka 2023 alipolikosa Kombe la Shirikisho Afrika mbele ya USM Alger ya Algeria, tena kwa kanuni ya bao la ugenini tu, mtaani kwetu watu walikesha wakishangilia. Kombe lenyewe likaenda huko. Msimbazi, kwetu Simba, halikuja, na hilo ndilo linaloniuma.