Nani aliyeutenganisha usultani wa Seyyid Said?

Tarehe 2 Aprili 1861 Lord Canning, mtawala wa Uingereza nchini India, alitoa hukumu yake: Zanzibar ni ya Seyyid Majid, Maskati, yaani Oman, ni ya Seyyid Thuwaini, na Majid amlipe kaka yake riali 40,000 kila mwaka. Nchi mbili zilizokuwa chini ya baba yao, Seyyid Said bin Sultan, hadi alipofariki 1856 zikaachana rasmi.

Wanaosema Mwingereza ndiye aliyezitenganisha hawakosi hoja. Mapema mwaka 1859 Thuwaini alipanga merikebu kuja Unguja kuchukua alichokiona haki yake, Waingereza wakamrudisha njiani. Mwaka huohuo ndugu yao Barghash alipoasi na kujichimbia katika shamba la Marseilles, mabaharia wa Kiingereza walimsaidia Majid kumvunja nguvu, kisha akapelekwa Bombay. Ndugu hawakuachiwa wamalizane wenyewe. Na msuluhishi naye alikuwa na lake jambo, maana masultani wawili wanaotegemea fadhila zako ni wepesi kuwaamuru kuliko mmoja mwenye manowari zake.

Ila kuna barua ya 1844. Said mwenyewe aliiandikia serikali ya Uingereza kwamba mwanawe Khalid amrithi upande wa Afrika na Thuwaini upande wa Oman. Khalid akafa 1854, nafasi yake akapewa Majid. Watetezi wa Maskati hujibu kwamba kumweka mwana awe liwali si kuigawa nchi. Jibu hilo lingekuwa na nguvu zaidi kama Oman ingekuwa na desturi ya kiti kwenda kwa mwana mkubwa. Haikuwa nayo. Kiti kilimwendea aliyekubalika kwa makabila, au tuseme kweli, aliyeweza kukishika. Barghash alilielewa hilo vizuri. Alikuwa merikebuni baba yake alipofia baharini karibu na Shelisheli, na walipofika Unguja aliizika maiti usiku, kimyakimya, akijaribu kutwaa madaraka kabla Majid hajajua kilichotokea. Alishindwa.

Kwa maoni yangu, kilichoziunganisha nchi hizi mbili kilikuwa mtu, na mtu huyo alikuwa safarini kila mara. Jahazi hushuka kutoka Arabuni na kaskazi, likarudi na kusi, kwa hiyo amri iliyokosa upepo ilisubiri miezi. Wakati huohuo mali ilihamia upande mmoja. Tangu Said alipoweka makao Unguja, mashamba ya karafuu yalipanuka kwa jasho la watumwa, Wamarekani wakafunga mkataba wa biashara mwaka 1833, na forodha ikakodishwa kwa Jairam Shivji, Mhindi aliyekusanya ushuru na kumkopesha mwenye nchi. Maskati ilibaki na makabila yenye kinyongo na Mawahabi wa dola ya Saudi mlangoni, huku mfuko ukiwa mwepesi. Hata bila Canning, sioni ni vipi Majid angeendelea kutuma fedha kwa hiari, wala Thuwaini angezipata wapi za kumlazimisha.

Canning alilijua hilo. Alieleza kwamba zile riali 40,000 si dalili ya Zanzibar kuwa chini ya Maskati. Ni fidia kwa Thuwaini kuacha madai yake, na ni njia ya kusawazisha mirathi isiyolingana. Hapo nampa haki yake.

Lawama kwa Waingereza naiona nzito zaidi baada ya 1861. Mwaka 1866 Thuwaini aliuawa na mwanawe Salim, na Majid akakataa kumlipa muuaji wa kaka yake. Kuanzia 1873 serikali ya Waingereza ya India ikachukua jukumu la kuilipa Maskati yenyewe, mwaka uleule Uingereza ilipombana Barghash, sasa sultani, afunge soko la watumwa la Unguja. Sultani wa Maskati akawa anapokea posho yake kutoka kwa Mwingereza, na mwaka 1890 Zanzibar nayo ikawekwa chini ya himaya yake.